Safu ya Sababu katika Daftari la Amulen

Kuna ripoti inayosema kwamba wanawake wanaolima mpunga katika bonde letu la Sikuda wanafukuza ndege. Imechapwa kwenye karatasi nzuri inayoteleza, jalada lake lina picha ya uwanda wa theluji, na ndani namba zimejaa. Namba zote za kwetu zilihesabiwa na mwanamke mmoja anayeitwa Amulen. Jina lake halimo. Nimelitafuta ukurasa kwa ukurasa, na kusoma najua, nilifika kidato cha nne upande wa Kenya kabla sijaolewa huku Uganda. Wamemwita "mkusanyaji wa eneo". Basi acha mimi Nerima, jirani yake shamba kwa shamba kwa miaka kumi na minane, niseme huyo mkusanyaji wa eneo ni nani, maana nikinyamaza nitapasuka.

Amulen ni Mteso wa Mella, wilaya ya Tororo. Aliolewa kwetu Sikuda, mume akafa mapema, akabaki na binti mmoja, Atai, na kipande cha bonde chenye upana wa hatua thelathini. Kipande hicho ndicho kilichomlea Atai, na Atai alipozaa akiwa kwa mama yake, kikamlea na mjukuu, Acom. Hana shamba lingine. Kule nyumbani kuna migomba mitatu na kaburi la mume, basi. Si mtu wa maneno mengi. Mwenye mdomo ni mimi. Yeye akikasirika anaongeza kasi ya jembe, na ukimwona anakaribia mwisho wa mstari kabla jua halijapanda, usimsalimie kwanza.

Miaka saba iliyopita alikuja Dokta Osinya. Huyo ni mtoto wa Mella vilevile, bibi yake na mama yake Amulen walichota maji kisima kimoja. Alisoma, akavuka bahari, akawa mtaalamu wa tundra. Sikuwa nimelisikia neno hilo tangu somo la jiografia, nilipolikariri kwa ajili ya mtihani nikalisahau jioni yake. Yeye alitueleza tukiwa tumekaa juu ya tuta, miguu ina tope, tunakula viazi. Alisema ni nchi ya kaskazini kabisa, hakuna mti unaopita goti. Mierebi ya huko inatambaa chini kama boga. Kuna nyasi zenye pamba kichwani, na vitu vinavyoota juu ya mawe kama ukurutu, na wanyama wenye pembe kubwa wanavikwangua wakivila. Kuna panya wanaochimba njia chini ya theluji, na mbweha weupe wanaosikiliza panya hao kwa juu kisha wanaruka na kuzama kichwa kwanza. Miezi miwili ya kiangazi jua halizami. Ukichimba kidogo tu unakutana na barafu ambayo haijayeyuka tangu babu wa babu zetu.

Nilimpenda siku hiyo, siwezi kusema uongo. Alikuwa anaongea na sisi kama watu. Alisema joto linapanda huko, theluji inayeyuka mapema kuliko zamani, wadudu wanatoka mapema, na vifaranga wakianguliwa wanakuta karamu imekwisha. Kazi yake ilikuwa kujua ndege wa huko wataishi vipi. Na ndege wenyewe, kumbe tunawajua. Ni wale vitwitwi wadogo, hawazidi shomoro, miguu myeusi, mdomo mwembamba kama sindano, wanaokuja Septemba na kuondoka Aprili. Sisi tulidhani wanatoka Ziwa Viktoria. Wanazaliwa tundra, wanakula kwetu.

"Nusu ya maisha yao naiona, nusu siioni," alisema Dokta. "Mama Amulen, nataka uwe macho yangu huku."

Akampa darubini na daftari lenye safu tano: tarehe, saa, idadi, hali ya maji, sababu. Safu ya mwisho ilikuwa ya kueleza, idadi ikipanda au ikishuka, ni kwa nini. Amulen alisoma mpaka darasa la saba tu, lakini mwandiko wake ungeutamani. Kila asubuhi alisimama tutani kabla ya kushika jembe, akahesabu watano watano, akaandika. Miaka sita hakukosa siku. Alihesabu akiwa na malaria. Alihesabu siku ya Krismasi, akaja kanisani amechelewa, viatu mkononi. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema wale ndege wamesafiri sana, ni adabu mwenyeji ajue wamefika wangapi.

Tena aliuliza maswali, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba aliuliza na alijibiwa na bado wakatufanyia walichotufanyia. Siku moja alimuuliza Dokta, "Huko nani analima?"

Dokta akacheka. "Hakuna anayelima, mama. Huko ukikanyaga tu, alama ya mguu inaweza kukaa miaka mingi. Sisi wenyewe tunatembea juu ya mbao ili tusiharibu."

"Sasa ndege anapata wapi tope?"

Akamweleza kwamba theluji ikiyeyuka maji hayana pa kuzama, kwa sababu chini kuna barafu, hivyo nchi nzima inakuwa matope na madimbwi yenyewe. Amulen alifikiri kidogo, akasema, "Kumbe huko Mungu ndiye analima." Dokta akacheka tena. Angeandika maneno hayo siku ile, nisingekuwa hapa nagomba.

Kwa sababu huku kwetu Mungu halimi bonde. Bonde lisipolimwa wiki tatu, nyasi zinafika kiunoni, na kitwitwi mwenye miguu ya urefu wa kidole hatui kwenye nyasi za kiunoni. Anatua nyuma yetu. Tunafungulia maji, tunavuruga tope kwa jembe na kwa miguu, vijidudu vinatoka, nao hao wamefika, wanadonoa karibu na visigino mpaka unaogopa kuwakanyaga. Mwanamke yeyote wa bonde hili angekwambia, hata asiyejua kusoma.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo shari ilipoanzia.

Mwaka juzi, Oktoba, Atai alikufa. Homa ya siku nne tu. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, ameacha Acom hajamaliza kuota meno. Na kwetu, uwe Mteso, Msamia au Mjopadhola, mtu akifa kijijini jembe haliingii shambani mpaka azikwe. Ukionekana umebeba jembe maiti iko ndani, watu watakuuliza kama ni wewe uliyemuua. Tulimngoja baba yake Acom atoke Nairobi, tukazika siku ya sita. Hatujakunja hata turubai, akafa mzee wa boma la juu. Halafu lori lililobeba watu wetu kutoka soko la Mulanda likapinduka, tukapoteza watatu, kila mmoja na ndugu zake wa kungojwa, kila mmoja na siku yake ya kuzikwa. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Novemba, siku tulizoingia bondeni na majembe hazikufika kumi. Miche ya mpunga ilizeekea kitaluni. Nyasi zikala kila kitu.

Amulen aliendelea kuhesabu. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Oguttu, akamuuliza kama kusimama tutani bila jembe ni kosa, Oguttu akasema si kosa. Basi akasimama, amevaa nguo nyeusi, mjukuu mgongoni, darubini machoni. Akaandika alichoona. Mia mbili na kumi na mbili. Arobaini. Sita. Halafu sifuri, na sifuri, na sifuri, siku thelathini na moja. Safu ya sababu aliiacha tupu.

Mimi nilimwona. Nikamwambia, "Dada, mbona hapo huandiki?"

"Niandike nini?" akasema. "Niandike Atai?"

Akaendelea, "Hii ni daftari ya ndege, Nerima. Mtoto wangu hawezi kukaa kwenye daftari ya ndege, wazungu wasome, wajumlishe." Kwao mtu aliyekufa haandikwi pamoja na vitu vinavyohesabiwa, na hata mimi nisiye Mteso niliona ana haki. Labda ningesema niandike mimi, kwa mkono wangu, neno moja tu, "msiba". Hilo ni kosa langu, nalibeba. Lakini nani angedhani kwamba nafasi tupu kwenye daftari ni hatari?

Desemba tuliporudi shambani ndege walirudi, naye akaandika vilevile. Lakini huko daftari lilikokwenda walijumlisha na kugawanya, na Desemba ikamezwa na zile sifuri. Kisha kuna mtu, sijui nani, amekaa mezani kwake na kikombe cha kahawa, akaiona safu tupu, akaijaza mwenyewe. Aliandika: usumbufu wa shughuli za kilimo. Hakupiga simu, ingawa namba ya Amulen iliandikwa kwenye jalada la daftari kwa kalamu nyekundu. Kuuliza si ujinga, tunafundishwa tungali watoto. Na Dokta Osinya, mtoto wa Mella, akatia sahihi yake chini.

Septemba iliyofuata waliitisha mkutano uwanja wa kanisa. Walikuja watu wa mradi, walikuja watu wa ofisi ya mazingira, Dokta naye katikati yao, amevaa shati lililopigwa pasi. Wakatusomea. Bonde ni makao muhimu ya ndege kutoka tundra. Ndege wamepungua kwa nusu. Chanzo ni kilimo. Kuanzia mwezi ujao hakuna atakayelima ndani ya bonde, nguzo za mpaka zitasimamishwa, asili irudi mahali pake. Walisema hivyo, asili irudi, kama vile sisi tulikuwa takataka iliyosahaulika hapo.

Amulen akasimama. Kiswahili chake ni cha sokoni, na anakijua hivyo, ndiyo maana huwa hasemi mbele za watu.

"Mimi nalima, ndege nakuja," akasema. "Mimi naacha, ndege naenda."

Kuna watu pale mezani walitabasamu. Niliwaona, na sitawasahau nyuso zao. Dokta akafungua karatasi zake akasema kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua, "Mama, wewe mwenyewe ulituandikia sifuri siku thelathini na moja. Na hukuandika sababu."

"Nilikuwa nazika," akasema Amulen.

Akamtazama Dokta tu, wale wengine hakuwataka. "Nilizika Atai. Nikazika mzee. Nikazika wa lori. Jembe hakuna mahali pote, nyasi ikapanda, ndege ikaenda. Wewe ni mtoto wa Mella. Kwenu, mtu akifa, mnalima?"

Dokta alitazama karatasi. Alijua. Ungemwona usoni kwamba alijua, kwamba alikumbuka matanga ya bibi yake na majembe yote ya kijiji yamelala chini. Huyo hakuwa mgeni wa kufundishwa mila. Alikuwa amezoea kufikiri kitundra, mahali ambapo mguu wa mtu ni uharibifu, akatuwekea sisi kipimo hichohicho. Mgeni akikosea kama hivyo unamsamehe, unamwelekeza. Wa kwako akikosea inauma mpaka kwenye mfupa.

Amulen akaomba siku tatu. Hakuomba zaidi. Alisema, nipeni siku tatu nilime kipande changu, vingine mviache hivyo na nyasi zake, halafu mje mtazame. Mwenyekiti Oguttu akamuunga mkono, watu wa ofisi wakatazamana, wakaona haya kukataa mbele ya mwanamke aliyetaja maiti zake. Wakakubali.

Tulilima wawili, mimi na yeye, siku mbili kutwa. Tukakata nyasi, tukafungulia maji, tukavuruga tope mpaka mapaja yakatetemeka. Siku ya tatu asubuhi walikuja wote na viatu vyao vya mpira. Vipande vya pembeni vilikuwa na nyasi na vyura tu. Kwenye cha Amulen walikuwako vitwitwi sitini na wanne, alihesabu watano watano kwa sauti ili wote wasikie. Mmoja alikuwa na pete ya rangi mguuni, yenye herufi. Dokta akalala kifudifudi kwenye tope, shati na yote, akasoma herufi zake kwa darubini. Aliinuka taratibu. Alisema ndege huyo alimvisha pete yeye mwenyewe kwa mikono yake, Juni iliyopita, tundra, kando ya kiota chenye mayai manne.

"Mama, nimekosea," akasema, na macho yake yalikuwa na maji.

Mimi nikadhani yamekwisha. Nilicheka kwa sauti, nilimkumbatia Amulen tukapakana tope. Mjinga mimi. Dokta alikwenda mjini Busia kupiga simu, akarudi mchana akiwa mtu mwingine. Ripoti ilikuwa imekwisha kupokelewa. Wafadhili wametia sahihi, wilaya imetia sahihi, nguzo zimelipiwa. Kuibadilisha kunahitaji utafiti mpya wa miaka mitatu, na ombi la utafiti huo ataliandika, aliapa ataliandika.

"Miaka mitatu Acom atakula nini?" akauliza Amulen.

Mwenyekiti Oguttu, ambaye ni mtu mwema lakini anapenda amani kupita kiasi, akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nikamjibu palepale mbele za watu kwamba haya hayakumwagika, haya yamemwagwa, na aliyeyamwaga amesimama hapa na viatu vya mpira. Nilisema na mengine ambayo mchungaji alinionya baadaye. Sijayajutia.

Kisha Dokta, bila aibu, au labda kwa aibu iliyopita kiasi mpaka ikampofusha, akamwomba Amulen aendelee kuhesabu. Kutoka nje ya nguzo. Alisema data yake ni ya thamani sana. Miaka sita ya kuamka, malaria, Krismasi, matanga ya mwanawe, na hii ndiyo shukrani. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuombi usimame vizuri akupige tena. Amulen alivua darubini shingoni, akaifuta tope kwa kanga yake, akamkabidhi. Daftari pia. Hakumtukana. Alimwambia amsalimie mama yake huko Mella.

Nguzo zilisimama Oktoba. Sisi tuliokuwa na bonde peke yake tukatawanyika kutafuta vibarua. Amulen alimbeba Acom akaenda Mulanda, kwa mtu mmoja mwenye mashamba makubwa ya mpunga, nami nikamfuata wiki mbili baadaye. Tunalala chumba kimoja, wanawake watano na mtoto. Tunalima cha mtu. Mpunga ukikomaa ni wake, sisi tunapewa chetu jioni tunaondoka. Acom amejifunza kulala tutani ndani ya beseni.

Februari hii, asubuhi, simu ya Amulen ililia tukiwa ndani ya tope. Alikuwa Dokta Osinya. Mikono ya Amulen ilikuwa michafu, akaniambia niishike simu nimbonyezee sauti kubwa, ndiyo maana nilisikia yote. Dokta alisalimia kwa heshima, akauliza habari za mtoto. Kisha akasema ana wasiwasi. Kiangazi kilichopita tundra kulikuwa kuzuri, theluji iliyeyuka kwa wakati wake, wadudu walikuwa wengi, vifaranga walitoka wengi kuliko mwaka wowote aliowahi kuona. Lakini Sikuda, ndani ya nguzo, mhesabuji mpya waliyemweka anaandika sifuri tangu Oktoba. Wenzake wanasema ndege watakuwa wamekufa njiani, labda hali ya hewa imebadilika juu ya jangwa, wanataka kuandika hivyo. Yeye ameona aulize kwanza.

"Hawajafa," akasema Amulen. "Wako huku Mulanda. Mimi nalima shamba ya mtu, wao nakula nyuma yangu."

Niligeuka nikatazama. Walikuwa pale, kama kawaida yao, wanakimbia kimbia kwenye maji ya nyayo zetu.

Nilifikiri sasa Dokta atasema jambo, atasema nguzo zinang'olewa, atasema rudi nyumbani mama. Hasira zote nilizokuwa nazo zilikuwa tayari kushuka, naapa, kwa neno moja tu.

"Wako wangapi?" akauliza Dokta.

Amulen aliitazama ile simu mkononi mwangu. "Njoo uhesabu," akasema, akanionyesha kwa kichwa nikate. Nilitaka nipige tena mimi nimwambie yaliyo moyoni, lakini mwenye shamba alikuwa amesimama barabarani anatutazama, na Amulen alikuwa ameshainama.